Splinter Twin, Storm au Show and Tell: namna ya kuchagua deki ya kombo katika Magic

Mchezaji wa Magic: The Gathering aliyeamua kuachana na deki za kushambulia na kujaribu deki ya kombo hukutana mapema na ugumu mmoja: deki zinazoitwa za kombo hazifanani. Moja hushinda kwa karata mbili tu, nyingine huhitaji karata kumi katika zamu moja, na nyingine huingiza jitu mezani na kumwacha afanye kazi. Hapa nalinganisha deki tatu: Splinter Twin ya mfumo wa Modern (mfumo ndio unaoamua karata zipi zinaruhusiwa), Storm ya mfumo wa Legacy inayomalizia kwa Tendrils of Agony, na Show and Tell, nayo ya Legacy. Nimechagua hizi kwa sababu kila moja ina njia yake ya kufikia kombo, na anayezielewa vizuri hatapata shida kuzitambua deki nyingine nyingi zilizojengwa kwa mawazo hayo hayo.

Deki ya kombo ni ipi hasa

Katika Magic, mchezo uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa na Wizards of the Coast mwaka 1993, kila mchezaji huanza na pointi 20 za uhai, karata saba mkononi na deki isiyopungua karata 60. Deki ya kushambulia huzimaliza pointi hizo kidogo kidogo. Lightning Bolt hupunguza pointi tatu, iwe imeokotwa mwanzoni au mwishoni mwa mchezo, na karata saba za aina hiyo zinatosha kumwangusha mpinzani. Deki ya udhibiti huzuia na kuua kila kinacholetwa, hadi mpinzani aishiwe. Katika deki zote mbili, kila karata ina thamani yake, na ushindi ni jumla ya thamani hizo.

Deki ya kombo haijumlishi. Jifya moja haliinjiki chungu: karata zake zikiwa mbalimbali hazina nguvu kubwa, na nyingine hazina nguvu yoyote, lakini zikikutana hutoa matokeo yanayozidi kwa mbali gharama yake, na mara nyingi mchezo huishia hapo. Mfano wa tangu miaka ya mwanzo ni Mountain, Black Lotus, Channel na Fireball. Mana ni nguvu inayolipia karata, na Black Lotus hutoa tatu bila malipo. Mbili zinalipia Channel, ambayo humruhusu mchezaji kugeuza kila pointi yake ya uhai kuwa mana moja. Akitoa pointi 19 na kuongeza mana aliyobakiwa nayo, Fireball inayolipiwa kwa Mountain (karata ya ardhi, yaani inayotoa mana) inampiga mpinzani pointi 20 katika zamu ya kwanza. Mwaka 1997 Mike Long alishinda Pro Tour, mashindano ya ngazi ya juu ya Magic, huko Paris kwa deki iliyosimama juu ya Cadaverous Bloom na Prosperity, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kudai kwamba kombo ni mchezo wa kubahatisha tu. Baada ya toleo la Urza's Saga la mwaka 1998, deki za aina hii zilitawala kiasi kwamba Tolarian Academy ilipigwa marufuku miezi michache tu baadaye, na mwaka 1999 Memory Jar ikapigwa marufuku ya dharura.

Hata hivyo, karata mbili zinazosaidiana hazitoshi kuifanya deki kuwa ya kombo. Deki ya magoblini wanaoongezeana nguvu ina ushirikiano mkubwa, lakini goblini mmoja akibaki peke yake bado anashambulia. Kipimo ninachokiamini ni hiki: ondoa kipande kimoja, kisha uulize kilichobaki kinafanya kazi gani. Kadiri kilichobaki kinavyokosa kazi, ndivyo deki ilivyo ya kombo zaidi. Kwa hiyo anayechagua kati ya deki hizi tatu anaamua ni sehemu kubwa kiasi gani ya deki yake yuko radhi kuiona imekaa bure, ili apate zamu moja ya kumaliza kila kitu.

Vigezo vya ulinganisho

Nitazipima deki zote tatu kwa vigezo vitano: vipande vinavyohitajika na idadi ya karata zinazokosa kazi bila kombo, zamu ambayo ushindi unaweza kuja, namna mpinzani anavyoweza kuivunja kombo na kinachobaki baada ya kuvunjwa, mzigo wa hesabu na wa saa, na mwisho gharama pamoja na hatari ya marufuku. Kigezo cha tatu ndicho kizito kuliko vyote, kwa sababu mpinzani aliyejiandaa hakai kutazama, na wageni wengi wa deki hizi huhesabu kasi ya kushinda wakasahau kuhesabu siku watakapozuiwa.

Vipande na karata zinazokosa kazi

Splinter Twin ina vipande viwili. Cha kwanza ni kiumbe, Deceiver Exarch au Pestermite, ambaye anapoingia mezani huweza kuinua karata iliyolazwa (karata hulazwa ubavu inapotumika). Cha pili ni Splinter Twin yenyewe, karata anayovalishwa kiumbe huyo ili akilazwa atoe nakala yake inayoweza kushambulia papo hapo. Nakala inaingia, inamwinua Exarch wa asili, Exarch analazwa tena, nakala nyingine inaingia, na mzunguko huo hauna kikomo. Vipande hivi huchukua karata kumi hivi kati ya 60. Zilizobaki ni karata za udhibiti zinazojitegemea: Lightning Bolt, Remand, Snapcaster Mage. Hata Exarch peke yake ana faida, kwa kuwa anaweza kuingia katika zamu ya mpinzani na kulaza ardhi yake. Karata inayokaa bure kabisa ni Splinter Twin yenyewe isipokuwa na kiumbe wa kuvalishwa.

Storm iko upande wa pili kabisa. Haina karata mbili mahususi za kukutanisha, ina matabaka. Kuna karata za kuzalisha mana, kama Dark Ritual, Cabal Ritual, Lotus Petal na Lion's Eye Diamond. Kuna za kutafutia nyingine, kama Brainstorm, Ponder na Infernal Tutor. Na kuna ya kumalizia, ambayo katika deki nyingi ni nakala moja au mbili tu za Tendrils of Agony. Tendrils humpunguzia mpinzani pointi mbili, lakini kanuni ya Storm, iliyoletwa na toleo la Scourge mwaka 2003, huizalishia nakala moja kwa kila karata iliyochezwa kabla yake katika zamu hiyo. Ukicheza tisa kisha Tendrils ikawa ya kumi, pointi 20 zimekwisha. Dark Ritual isiyo na mwendelezo haifanyi lolote, Lion's Eye Diamond humtaka mchezaji atupe karata zote za mkononi, na mana zisipotumika hupotea. Ukiondoa za kutafutia na chache za ulinzi, deki nzima hukaa bure hadi mnyororo ukamilike.

Show and Tell inasimama katikati. Kwa mana tatu, karata hiyo humruhusu kila mchezaji kuweka mezani karata moja kutoka mkononi bila kuilipia. Mwenye deki huweka Emrakul, the Aeons Torn, ambaye gharama yake halisi ni mana 15, au Griselbrand, au Omniscience inayomruhusu kucheza karata zilizo mkononi bila malipo. Sneak Attack huongezwa kama mlango wa pili wa kuwaingizia majitu hao. Karata zinazokaa bure ni majitu wenyewe: ukiwa na Emrakul wawili mkononi bila Show and Tell wala Sneak Attack, una karata mbili ambazo hutaziona mezani. Sehemu kubwa ya deki, hata hivyo, ni karata za buluu za kutafuta na kuzuia, ambazo zina kazi katika kila mchezo.

Kasi

Storm ndiyo yenye kasi zaidi; zamu ya pili na ya tatu ni za kawaida, na ya kwanza hutokea. Show and Tell huweza kuchezwa zamu ya pili kwa msaada wa Ancient Tomb, inayotoa mana mbili kwa gharama ya pointi mbili za uhai, lakini Emrakul aliyeingizwa kwa njia hiyo husubiri zamu inayofuata kabla ya kushambulia, na zamu ya ziada anayoitoa hupatikana tu akichezwa kwa kulipiwa au kupitia Omniscience. Mpinzani hupewa nafasi moja ya kupumua, na nafasi hiyo hubadilisha matokeo mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Splinter Twin huanza kutisha zamu ya nne: Exarch anaingia mwishoni mwa zamu ya tatu ya mpinzani, kisha mwenye deki anainua ardhi zake na kumvalisha. Ikumbukwe kwamba Legacy ni mfumo wenye kasi kuliko Modern, kwa hiyo zamu ya nne katika Modern si uzembe.

Kuvunjwa, na kinachobaki

Splinter Twin ina udhaifu unaoeleweka kwa urahisi. Kombo yake inapita kwa kiumbe, na karibu kila deki ina namna ya kuua kiumbe. Exarch hustahimili pointi tatu za Lightning Bolt kwa kuwa ana uhimilivu wa nne, ilhali Pestermite mwenye mmoja hufa. Mpinzani mjuzi husubiri Splinter Twin ichezwe, kisha humwua kiumbe kabla haijamfikia, na mwenye deki hupoteza karata mbili kwa moja. Lakini hapo ndipo uzuri wa deki hii unapoonekana. Kwa kuwa tishio lipo kila wakati, mpinzani hulazimika kubakiza mana bila kuitumia kila zamu, huku mwenye deki akimpunguza taratibu kwa Snapcaster na Bolt. Splinter Twin ilishinda michezo mingi bila kombo kuonekana kabisa, na baada ya mchezo wa kwanza wachezaji wengi walipunguza vipande vya kombo, wakaingiza karata kutoka katika 15 za akiba na kucheza kama deki ya udhibiti. Hii ndiyo deki pekee kati ya tatu ambayo kuvunjwa kwa kombo hakumaanishi kuvunjwa kwa mpango.

Storm huvunjwa kwa njia nyingine, na mpinzani asiyeifahamu hukosea mahali pa kupiga. Kuizuia Tendrils kwa Force of Will, karata ya kuzuia karata nyingine inapochezwa, hakusaidii, kwa sababu nakala zake zimekwisha kuwapo na kila moja inafanya kazi yake. Mahali pa kuumiza ni nyuma zaidi. Mchezaji wa Storm anapocheza Infernal Tutor, huivunja Lion's Eye Diamond papo hapo ili mkono wake uwe mtupu na Tutor imruhusu kutafuta karata yoyote. Ikizuiwa wakati huo, amebaki bila karata mkononi, na mana aliyokusanya itapotea bure. Ndiyo maana deki hii hutanguliza karata za kumnyang'anya mpinzani, kama Thoughtseize na Duress, ili kuona mkono wake na kuondoa kizuizi kabla ya kuanza. Vizuizi vinavyokaa mezani ndivyo vibaya zaidi kwake: Rule of Law inayoruhusu karata moja tu kwa zamu, au Thalia, Guardian of Thraben, anayepandisha gharama ya kila karata isiyo ya kiumbe. Mchezaji wa Storm ana njia ya pembeni, Empty the Warrens, ambayo ikitanguliwa na karata tano hutoa magoblini 12 na kumtosha mpinzani asiye na jibu la kundi. Vilevile ana faida ambayo haionekani mwanzoni: karata zote za mpinzani za kuua viumbe hukosa kazi, kwa hiyo ingawa karata zako zinakaa bure, za mwenzako nazo zinakaa bure.

Show and Tell ina mahali pamoja pa kupigwa, nako ni pale karata yenyewe inapochezwa. Force of Will moja inatosha kuisimamisha. Lakini deki hii ni ya buluu, nayo hubeba Force of Will zake, hivyo vita vya kuzuia na kuzuia kizuizi huamuliwa na aliyejipanga vizuri zaidi. Ikipita, bado kuna majibu. Swords to Plowshares, karata ya kuondoa kiumbe, haimgusi Emrakul, kwa kuwa analindwa dhidi ya karata za rangi zinazomlenga, lakini Karakas humrudisha mkononi kwa kuwa ni kiumbe mwenye hadhi ya kipekee, na karata inayomlenga mchezaji na kumlazimisha atoe kiumbe humwondoa akiwa peke yake. Isitoshe, Show and Tell humpa na mpinzani haki ya kuweka karata, naye akiweka Ensnaring Bridge, inayozuia viumbe wakubwa kushambulia, jitu lako litakaa likitazama. Emrakul akishambulia mara moja, kwa upande mwingine, mpinzani hutoa karata sita za mezani pamoja na kupigwa pointi 15, na ni nadra mtu kuinuka baada ya hapo.

Hesabu na saa

Mzunguko wa Splinter Twin ni wa uhakika. Katika mashindano ya mezani mchezaji huonyesha hatua zake mara moja, hutaja idadi ya nakala anazotaka, na mchezo huendelea. Katika Magic Online, Magic inayochezwa mtandaoni, hana njia hiyo ya mkato: kila nakala hubonyezwa moja moja, na saa yake inahesabu. Show and Tell ni rahisi kutekeleza. Ugumu wake uko katika kuamua isubiriwe hadi lini. Kuicheza zamu ya pili bila ulinzi dhidi ya mtu usiyemjua ni uamuzi unaohitaji uzoefu, na hapa ndipo mchezaji wa wastani hutofautiana na mzuri.

Storm inadai zaidi. Kila zamu kubwa ni hesabu ya mana kwa rangi, ya karata zilizochezwa, ya zilizobaki katika rundo, na ya vizuizi ambavyo mpinzani huenda anavishika, na ukikosea mana moja mnyororo hukatika. Raundi ya kawaida ya mashindano ina dakika 50, na anayehesabu polepole atapata sare ambazo hakuzihitaji. Suala la muda limewahi kuleta marufuku: Stanislav Čifka alishinda Pro Tour ya Return to Ravnica mwaka 2012 kwa deki iliyorudisha karata zake mezani tena na tena, na mwaka uliofuata Second Sunrise, kiini cha deki hiyo, ikaondolewa katika Modern kwa sababu zamu zake zilichelewesha mashindano mazima. Storm haifikii urefu huo, lakini ndiyo iliyo karibu nao kati ya hizi tatu.

Gharama na marufuku

Legacy ni ghali. Lion's Eye Diamond, City of Traitors na ardhi kama Underground Sea na Volcanic Island ziko katika orodha ya karata ambazo Wizards of the Coast iliahidi mwaka 1996 kutozichapisha tena, kwa hiyo Storm na Show and Tell zote zinaumiza mfuko. Splinter Twin ni nafuu kuliko hizo. Historia yake, hata hivyo, inaonyesha hatari ya namna nyingine. Deki hiyo ilishinda Pro Tour ya kwanza ya Modern huko Philadelphia mwaka 2011 mikononi mwa Samuele Estratti, ikashinda tena mwaka 2015 kwa Antonio Del Moral León, kisha Januari 2016 karata iliyoipa jina ikapigwa marufuku na haikuruhusiwa tena hadi Desemba 2024. Aliyewekeza kwa kombo ya karata mbili anategemea karata hizo mbili zibaki halali.

Kwa hali yako

Kama umetoka katika deki za udhibiti na unapenda michezo mirefu yenye maamuzi kila zamu, Splinter Twin itakupa kombo bila kukunyang'anya ulichozoea. Inamfaa pia anayecheza mahali ambapo wapinzani wanamfahamu, kwa kuwa haivunjiki kwa kujulikana. Haimfai anayetaka kushinda kabla mpinzani hajajipanga.

Kama unafurahia hesabu na uko tayari kufanya mazoezi peke yako mezani, ukigawa karata saba na kutafuta njia ya kufika karata kumi hadi mikono yako izoee, Storm itakulipa jitihada hiyo kuliko deki nyingine yoyote ninayoijua. Angalia kwanza, hata hivyo, wenzako wa karibu wanacheza nini: ukikuta Thalia na Rule of Law kila meza, afadhali uiweke kando kwa msimu huo. Asiye na bajeti ya Legacy anaweza kujifunzia kanuni hiyo hiyo katika Modern kwa deki ya Ruby Medallion na Grapeshot, ambako kila nakala hupunguza pointi moja tu na mnyororo unapaswa kuwa mrefu zaidi.

Kama una muda mchache wa mazoezi, au unaingia mashindano makubwa ambayo wapinzani wake ni wageni kwako, Show and Tell ina njia fupi kati ya kujifunza na kushinda, na karata zake za kuzuia zitakuokoa katika mechi usizozitarajia. Iepuke pale ambapo Karakas ni ya kawaida, au hakikisha Omniscience na Sneak Attack zimo ndani ili usimtegemee Emrakul peke yake.

Na kama bado umegawanyika kati ya mbili, azima deki zote mbili kwa jioni moja kabla ya kununua, kisha mwombe mwenzako ajaze deki yake vizuizi vya kila namna. Baada ya kuzuiwa mara kadhaa utajua ni mkono upi usio na kazi unaoweza kuuvumilia hadi raundi ya mwisho.